Diski ya zamani ya IDE inazunguka vizuri tu, kompyuta mpya haiioni. Tatizo ni nini?

#1 Sahani Tatu
Wakuu, habari. Nina diski ya IDE ya GB 80 ya mwaka 2004, ile ya inchi 3.5 yenye pini nyingi nyuma kwa ajili ya waya mpana bapa. Kwenye kompyuta yangu ya zamani ilikuwa diski ya pili, ya kuhifadhia vitu tu. Kompyuta ile ubao mama umekufa, sasa nina nyingine ya mezani, mpya. Nimefungua kasha nikachungulia: pa kuchomeka ule waya mpana hakuna, kuna vitundu vinne vya SATA (vya diski za baada ya IDE) na sehemu ya M.2 ambayo tayari ina diski yake.

Nikapata adapta ya USB yenye kichwa cha IDE, imekuja na chaja yake ya umeme. Nikichomeka, diski inazunguka (naisikia, na nikiigusa inatetema kwa mbali), kompyuta inatoa ule mlio wa kutambua kifaa, halafu basi. Kwenye orodha ya diski hamna kitu. Nimerudia kama mara kumi. Ndani kuna picha za miaka ile na sauti ya marehemu baba niliyoirekodi mwenyewe. Nakala nyingine sina, najua mtanisema.

Jirani ananiambia Windows za sasa zimeacha kusoma diski za IDE. Ni kweli?

#2 Ngoja Nione
Nimekaa siti ya mbele, wataalamu waje.

#3 Fundi Bila Cheti
Jirani kakudanganya. Windows haina ugomvi na diski ya IDE, kilichoondoka ni tundu. Intel waliitoa IDE kwenye chipu zao za ICH8 mwaka 2006. Watengenezaji wa mbao wakaendelea kubandika tundu moja kwa kutumia chipu ya pembeni kwa miaka kadhaa, mwisho nao wakaacha. Kwa hiyo kati ya diski yako na kompyuta lazima awepo mkalimani, na huyo mkalimani ndiyo hiyo adapta yako.

Swali la kwanza: jampa imekaa wapi?

#4 Sahani Tatu
Jampa ndiyo nini mkuu?

#5 Mama Kebo
Hahaha, kweli miaka imekwenda.

Geuza diski uangalie nyuma. Kulia kuna tundu la umeme lenye pini nne nene. Kushoto kuna zile pini nyembamba za waya mpana. Katikati yao kuna vipini vichache, na viwili kati ya hivyo vimevalishwa kiplastiki kadogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Hiyo ndiyo jampa. Ndani ina kibati kinachounganisha pini mbili.

Waya mmoja wa IDE ulikuwa unabeba diski mbili, na hazikuwa na namna ya kugawana vyeo zenyewe. Wewe ndiye ulikuwa unazipa, kwa jampa: MA ni mkubwa, SL ni mdogo, CS ni "waya uamue". Yako umesema ilikuwa ya pili. Naweka rehani simu yangu, imekaa kwenye SL. Adapta nyingi humuulizia mkubwa tu. Mdogo yupo, kakaa kimya, anasubiri mkubwa wake atangulie.

#6 Kichwa Maji
Mama Kebo nakuheshimu lakini mmeruka jambo la kwanza, umeme.

Ule mlio wa Windows ni wa adapta, si wa diski. Adapta inakula umeme wa USB kwa hiyo itatambulika hata usipoifunga diski yoyote. Diski ya inchi 3.5 inataka volti 12 za kuzungusha mota na volti 5 za ubao wake. Inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampia 2 kwenye ile 12. Hizo chaja zinazokuja na adapta zimeandikwa 2A, ukizibebesha mzigo zinazimia. Mota inaweza kuzunguka kabisa huku volti zimeshuka na ubao wa diski umechanganyikiwa.

Una pawasaplai nzima (kile kisanduku cha kugawa umeme) ndani ya kasha. Tafuta mkia wake wenye kichwa cha Molex (njano ni 12, nyekundu ni 5, nyeusi mbili ni ardhi), uvute hadi kwenye diski, chaja weka pembeni.

#7 Sahani Tatu
Asanteni. Jampa nimeiona. Ila karatasi ya juu ya diski ina vichoro vinne na si vitatu: kimoja cha diski ikiwa peke yake, kimoja cha mkubwa mwenye mdogo, kimoja cha mdogo, kimoja cha CS. Yangu imekaa kwenye kile cha mdogo. Niipeleke wapi?

#8 Mama Kebo
Simu yangu imesalimika.

#9 Mzee wa Tepu
Vichoro vinne? Hiyo ni Western Digital, bila shaka. Wengi wamepotezewa siku nzima na hilo. Diski nyingi za makampuni mengine ukiweka MA imetosha, iwe na mwenzake isiwe na mwenzake. Hizo za WD zinatofautisha mkubwa anayeishi peke yake na mkubwa mwenye mdogo. Ukiiweka kama mkubwa mwenye mdogo wakati mdogo hayupo, kuna vifaa vinakaa vikimsubiri huyo asiyekuwepo mpaka vinakata tamaa. Kwako wewe ni peke yake, maana yake jampa INATOKA KABISA. Usiitupe, itundike kwenye pini moja tu.

#10 Sahani Tatu
Ndiyo, ni WD. Ngoja nijaribu.

#11 Bitizake
Mimi naona tatizo ni ile mipaka ya GB 137. Kompyuta na diski vya enzi tofauti haviwezi kuelewana hapo.

#12 Fundi Bila Cheti
Bitizake umeshika kichwa chini miguu juu. GB 137 ulikuwa ukomo wa anwani za biti 28, kompyuta ya ZAMANI ikishindwa kuona diski KUBWA. Windows XP yenyewe ilianza kuvuka hapo na nyongeza yake ya kwanza, SP1. Hapa tuna kompyuta mpya na diski ya GB 80. Ukomo huo hata hodi haupigi.

#13 Bitizake
Sawa mwalimu.

#14 Kimya Kimya
Samahani kuingilia. Yangu ni ya laptopu, ndogo ya inchi 2.5, pini zake zinaonekana nyembamba zaidi na sehemu ya umeme siioni kabisa. Adapta za aina hii zinafaa?

#15 Mama Kebo
Hiyo ni IDE ya pini 44. Umeme unapita humo humo kwenye pini, volti 5 peke yake, chaja haihitajiki. Kama adapta ina pande tatu, tumia upande mwembamba. Ila angalia: wanaotengeneza hayo madude mara nyingi hawaweki kizuizi, unaweza kuichomeka imesogea pini mbili pembeni na ukaipa umeme pasipostahili. Zile pini nne zilizojitenga kidogo na wenzake ni za jampa, ziache nje.

Na kama USB moja haiiwashi vizuri ndiyo maana kebo nyingine zina vichwa viwili. USB 2.0 ahadi yake ni miliampia 500, USB 3.0 ni 900.

#16 Kimya Kimya
Imekubali! Ubarikiwe.

#17 Ngoja Nione
Mwenye uzi bado anahangaika, mpita njia kapona kwa dakika ishirini.

#18 Sahani Tatu
Taarifa mbaya. Jampa imenichomoka kwenye kibano ikarukia kwenye zulia. Nimepiga magoti na tochi ya simu nusu saa.

#19 Mzee wa Tepu
Si tumekwambia inatoka kabisa? Usiitafute.

#20 Sahani Tatu
Mzee umesema nisiitupe!

#21 Pini ya Ishirini
Mkiwa mnamsubiri, mleta uzi naomba ukague kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitaja. Hesabu pini. Zinatakiwa 39, si 40. Katikati ya mstari mmoja kuna pengo, ndiyo pini namba 20, imeachwa makusudi ili waya usiingie kinyume. Sasa adapta nyingine tundu hilo halijazibwa, unaweza ukaichomeka kichwa chini nayo ikaingia vizuri tu.

Lililonikuta mimi: diski inazunguka, haionekani, dalili kama zako kabisa. Nimebadilisha jampa, chaja, kompyuta. Siku ya tatu nikaimulika kwa pembeni nikaona pini moja imelala chini kabisa, imebanwa na wenzake kama mtu aliyelala nyuma ya kochi. Nikainyanyua polepole kwa sindano ya kushonea, nikaibana na kalamu ya risasi ya kubonyeza (toa risasi, ingiza pini kwenye kale kamdomo ka chuma, unyooshe). Ikasoma.

#22 Fundi Bila Cheti
Hiyo ya kalamu ya risasi nimeiiba.

#23 Dondoo
Kuna jamaa kazini alikuwa na diski kama hiyo, akaifunga kwenye nailoni akailaza friza usiku kucha, asubuhi ikasoma. Jaribu, huna cha kupoteza.

#24 Mama Kebo
Ana cha kupoteza, kaeleza kwenye #1. Diski yake INAZUNGUKA. Friza watu walikuwa wanaikimbilia kwa diski iliyokwama au inayogonga tik tik tik, na hata huko ilikuwa kamari. Ukiitoa kwenye baridi unyevu unatanda kwenye sahani, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele mara nyingi sana. Sahani Tatu usithubutu.

#25 Dondoo
Nilikuwa nachangia tu.

#26 Kasi ya Mwanga
Kwa nini mnamhangaisha na USB? Nunua kile kibao kinachogeuza IDE kuwa SATA, kifunge nyuma ya diski, peleka waya wa SATA kwenye ubao mama, mchezo umekwisha. SATA inakimbia MB 150 kwa sekunde wakati IDE ni 133.

#27 Kichwa Maji
Kasi hapo haina kazi. 133 ni uwezo wa njia, na 150 ni SATA ile ya kwanza ya 2003. Sahani za diski ya 2004 zenyewe hazifiki nusu ya hapo. Kugeuza kuwa SATA ni njia nzuri kwa sababu nyingine: umeme unatoka pawasaplai moja kwa moja. Lakini mwambie pia kuna vibao vya aina mbili. Kimoja kinaipeleka diski ya IDE kwenye ubao wa SATA, kingine kinafanya kinyume, diski ya SATA kwenye ubao wa zamani wa IDE. Kwa macho vinafanana kama mapacha. Vichache vina swichi ya kuchagua upande. Mimi nilinunua kisicho chenyewe mara MBILI.

#28 Kasi ya Mwanga
Mara mbili mkuu? Kweli jina linakufaa.

#29 Kichwa Maji
Nililichagua mwenyewe, sina malalamiko.

#30 Moshi Mweupe
Kwa vile mmeanza kuvuta mikia ya pawasaplai, onyo. Kama pawasaplai ni ile ya waya zinazochomoka pande zote mbili, tumia waya zilizokuja nayo TU. Upande wa diski vichwa ni vya aina moja kwa wote, upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Nilichukua mkia wa Molex wa pawasaplai ya zamani nikauchomeka kwenye mpya, uliingia bila kulazimisha. Kuwasha tu, harufu. Volti 12 zilikwenda mahali pa 5.

Diski ilikufa lakini data ilipona kwa bahati. Kwenye ubao wa diski kuna kijidudu cheusi cha kulinda, diodi, chenyewe kilijitoa kafara kikashoti. Fundi alikitoa, diski ikazunguka, nikahamisha vitu vyangu siku hiyo hiyo.

#31 Bitizake
Kumbe ubao ukiungua unabadilisha tu na wa diski nyingine ya aina hiyo hiyo.

#32 Mzee wa Tepu
Kwa diski za kale sana, ndiyo, wengine walifanikiwa. Baadaye kila diski ilianza kubeba vipimo vyake binafsi kwenye chipu ya ubao wake. Ubao wa jirani unakuja na vipimo vya jirani. Lazima chipu hiyo ihamishwe.

#33 Bitizake
Leo sipati hata moja.

#34 Nyaraka
Wote mnazungumzia chuma. Mleta uzi hajatuambia kama ameangalia kwenye Disk Management, ile sehemu ya Windows ya kusimamia diski. Inawezekana diski imeonekana toka jana ila haina herufi (kama D: au E:). Bonyeza kitufe cha Windows na X, utaiona kwenye orodha. Ukiikuta pale chini ina kipande chenye ukubwa lakini haina herufi, ipe herufi, umemaliza. Ikiandikwa Offline, bonyeza kulia uiwashe.

MUHIMU: ikikuuliza kama unataka "kuianzisha" au kuifomati, jibu ni HAPANA. Hata kama inauliza mara mia. Swali hilo maana yake ni kwamba Windows haijaelewa ilichokiona, na kutoelewa kwake hakumaanishi hamna kitu. Kama kompyuta ile ya zamani ilikuwa ya Linux au Mac utaulizwa hivyo hivyo.

#35 Sahani Tatu
Ilikuwa Windows XP. Nimeangalia huko, diski hii haimo kabisa. Na pini nimehesabu, 39, zote zimesimama.

#36 Nyaraka
Basi turudi kwenye chuma.

#37 Waya Themanini
Waya mpana anao bado? Kama anatumia waya na si kichwa cha adapta moja kwa moja, aangalie rangi. Ule wa pini 80: bluu kwenye ubao mama, kijivu katikati, nyeusi mwisho.

#38 Fundi Bila Cheti
Rangi umepatia, idadi hapana. Nyuzi ndiyo 80, pini zilibaki zile zile 40. Nyuzi 40 za ziada ni ardhi tu, zinatenganisha wenzake wasipigiane kelele.

#39 Waya Themanini
Nimejiita Waya, sikujiita Pini. Niko salama.

#40 Sahani Tatu
WAKUU IMEONEKANA!!! GB 74.5, jina lake lile lile nililoipa zamani. Mikono inatetemeka.

#41 Mama Kebo
Hongera! Jampa, si ndiyo?

#42 Kichwa Maji
Umeme. Sema umeme.

#43 Kimya Kimya
GB 74.5? Zile 5 na nusu zimekwenda wapi?

#44 Nyaraka
Hazijaenda. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Ni diski ile ile.

#45 Sahani Tatu
Sasa ndugu zangu niwe mkweli. Nilikuwa nimechoka, nikafanya vyote kwa mpigo. Jampa ilikwisha kutoka (bado iko kwenye zulia). Chaja nikaiacha, nikavuta Molex kutoka kwenye pawasaplai. Na kebo ya USB niliyokuwa nimechomeka mbele ya kasha nikaihamishia nyuma, kwenye ubao mama wenyewe, kwa sababu mbele haikufika. Nikawasha, ikatokea.

#46 Fundi Bila Cheti
Ala! Umeua ushahidi wote.

#47 Kichwa Maji
Hakuna ushahidi uliokufa. Jampa ilitoka saa ngapi? Kabla ya #18. Kwenye #35 anasema haimo kabisa. Maana yake jampa ilishatoka na bado haikuonekana. Umeme.

#48 Mama Kebo
Alipoangalia kwenye #35 alikuwa ameichomeka upya baada ya kutoa jampa, au alifungua tu orodha? Diski inasoma jampa inapowashwa. Sahani Tatu jibu.

#49 Sahani Tatu
Sikumbuki kwa kweli.

#50 Pini ya Ishirini
Mimi nasema USB ya mbele. Ule waya wa ndani unaokwenda mbele ya kasha mara nyingi ni mwembamba na unaokota kelele za kila kitu.

#51 Mzee wa Tepu
Au kichwa cha adapta hakikuwa kimekaa vizuri, na alipoichomoa mara ya kumi na moja akakisukuma hadi mwisho. Hilo nalo lipo.

#52 Kichwa Maji
Njia ni moja: arudishe chaja, aache mengine yote yalivyo. Ikipotea, mniombe radhi.

#53 Mama Kebo
Wee! Diski ina miaka zaidi ya ishirini, imekubali kuamka, halafu uizime ili ushinde ubishi? Sahani Tatu, usizime kitu. Nakili kwanza. Ikianza kusuasua, usirudie rudie kufungua folda, ingia Linux utumie ddrescue, programu ya kuokoa data: inachukua sehemu zilizo nzima kwanza, mbovu inazirudia mwisho, na inaweka kumbukumbu ya ilipofika.

#54 Sahani Tatu
Folda ya picha inakwenda, asilimia 61. Ila folda yenye jina langu inakataa, inasema sina ruhusa. Ni jina langu mimi!

#55 Nyaraka
Ni jina lako la XP, kwa kompyuta hii huyo ni mtu mwingine. NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, inatambua namba ya mtumiaji, si jina. Bonyeza kulia, Properties, Security, Advanced, ujifanye mmiliki. Au tumia Linux, ruhusa hizo za Windows haitakuuliza. Kama ungekuwa umeifungia kwa usimbaji wa XP hapo tungelia pamoja, lakini aikoni za mafaili zingekuwa na alama ya kufuli.

#56 Sahani Tatu
Kufuli sioni. Imefunguka. Faili la sauti lipo, KB 412, mwisho wake limeandikwa .amr. Kompyuta inaniuliza nilifungue kwa programu gani.

#57 Mzee wa Tepu
Hiyo ni ya simu za enzi zile. VLC inalisoma. Linakili kwanza sehemu mbili ndipo ulifungue.

#58 Kichwa Maji
Ukishanakili vyote, rudisha chaja dakika moja tu tujue ukweli.

#59 Sahani Tatu
Kichwa Maji, hapana.